Wimbo wa Akina Mama wa Bethlehemu katika Mchezo wa Coventry

Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, kwaya za Uingereza na za nchi nyingine nyingi huimba wimbo mfupi wa kubembeleza mtoto, ambao hujulikana kwa jina la mji wa Coventry. Huimbwa kwa sauti ya chini, pengine taa zimezimwa na mishumaa imewashwa, na wasikilizaji wengi hudhani ya kuwa mwimbaji ni Bikira Mariamu, na mtoto abembelezwaye ni Yesu aliyelazwa horini. Sivyo. Waimbaji ni wanawake watatu wa Bethlehemu ambao hawakupewa majina. Kila mmoja amempakata mwanawe, na wote wajua kwamba askari wa Herode wamekwisha kupewa amri. Wimbo ukiisha, haupiti muda mrefu ila watoto wale wameuawa. Nia yangu katika makala haya ni kuurudisha wimbo huu ndani ya mchezo uliotungiwa, kisha kuuliza swali ambalo msomaji Mkristo, na hata asiye Mkristo, ana haki ya kuliuliza: je, mchezo unaokwisha kwa mauaji ya watoto waweza kuitwa mchezo wa Krismasi? Na ikiwa waweza, tumaini lake liko wapi?

Kwanza habari za mchezo wenyewe. Katika Zama za Kati ilikuwa desturi ya miji kadhaa ya Uingereza, kama vile York na Chester, kwamba vyama vya mafundi huonyesha hadithi za Biblia kwa michezo ya kuigiza katika sikukuu kubwa za Kanisa. Kila chama kilikuwa na mchezo wake na gari lake la kuchezea. Huko Coventry siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya Mwili wa Kristo. Michezo ya mji huo yatajwa kwanza katika maandiko ya mwaka 1392, na ilikomeshwa mwaka 1579, wakati Kanisa la Uingereza lilipokuwa limekwisha kuachana na Roma. Katika yote iliyochezwa tumebakiwa na miwili tu. Mmoja ni wa wafumaji. Wa pili, ambao ndio wetu, ni wa chama cha washonaji pamoja na mafundi waliokuwa wakikata manyoya ya nguo za sufu ili zipate kuwa laini. Nakala yake ilisahihishwa na mtu aitwaye Robert Croo mwaka 1534. Nyimbo zake zikaandikwa humo mwaka 1591, yaani miaka 12 baada ya michezo kukoma. Nakala hiyo iliteketea kwa moto katika maktaba ya mji wa Birmingham mwaka 1879. Lau Thomas Sharp, mwenyeji wa Coventry aliyependa mambo ya kale, asingalikwisha kuinakili na kuipiga chapa mwaka 1817, na mara ya pili mwaka 1825, tusingalikuwa na mchezo wala wimbo wake. Aliyezoea habari za tenzi zetu za zamani, ambazo baadhi yake zimetufikia kwa nakala moja tu iliyokaa miaka mingi sandukuni mwa mtu, hatashangaa.

Wasomi wengi hawausifu mchezo huu kwa ushairi wake. Beti hazilingani, mizani yavurugika mara kwa mara, na Croo aonekana kama mshonaji aliyeunga vipande vya nguo kuukuu akapata joho moja. Sibishani nao. Lakini mchezo wa kuigiza hauhukumiwi kwa beti zake peke yake. Yatupasa kutazama pia nani aingia lini, nani atoka lini, na nani aachwa mbele ya watazamaji akiwa amenyamaza au akiwa analia. Kwa kipimo hicho sehemu ya mwisho ya mchezo huu ni kazi ya mtu aliyejua sana alitendalo, awe ni Croo au mwingine aliyemtangulia.

Mchezo huanza na nabii Isaya akitoa ahadi. Malaika humjia Mariamu. Yosefu humshuku mkewe, kama mzee yeyote wa kijijini angalivyomshuku, hata malaika amsemeze. Wachungaji waimba, waiona nyota, wafika kwa Mtoto na kumpa zawadi walizo nazo: mmoja ampa filimbi yake, wa pili kofia yake, na wa tatu glavu zake ili zimkinge mikono na baridi. Nimependezwa na glavu hizo kuliko dhahabu ya wafalme wanaokuja baadaye. Zimetoka mikononi mwa mtu aliyekuwa amezivaa. Tukumbuke pia ya kuwa wenye mchezo ni washonaji. Coventry ulikuwa mji uliotajirika kwa nguo za sufu, lakini katika miaka ya 1520 utajiri huo ulikuwa umekwisha kuporomoka: biashara ya nguo ilidhoofika, chakula kilipanda bei, na nyumba nyingi zilikuwa tupu. Watu walioutazama mchezo wa Croo hawakuwa watu wa kushiba. Kofia na glavu kwao zilikuwa vitu vyenye thamani, na ndivyo vitu ambavyo mji wao ulijua kuvitengeneza.

Kisha yuaja Herode. Mpiga mbiu wake amtangulia akipaza sauti kwa Kifaransa kibovu, akiwaamuru watu wanyamaze. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini tangazo la mtawala husomwa kwa lugha ambayo wasikilizaji hawaielewi. Herode mwenyewe ajigamba kwamba ndiye aliyeziumba mbingu na jehanamu, na kwamba ngurumo na umeme ni kazi yake. Watazamaji walimcheka bila shaka. Herode wa michezo hii alijulikana sana kwa makelele hata Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 karibu na Coventry, akamtaja ndani ya *Hamlet* kama mfano wa mchezaji apigaye kelele kupita kiasi. Katika mchezo wetu yako maelezo mashuhuri ya mchezaji, yasemayo kwamba Herode na aghadhibike garini na barabarani pia. Yaani alishuka garini akaingia kati ya watu. Jambo hili ni la kuchekesha, na nadhani lilikusudiwa kuchekesha. Lakini baada ya kicheko watazamaji walijikuta wamesimama pamoja naye katika barabara moja ya mji wao. Hakuwa tena mfalme wa zamani wa Uyahudi aliye mbali juu ya gari.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni askari wake. Herode anapotoa amri ya kuwaua watoto, askari wa kwanza akataa. Asema ni aibu kuona watoto wengi hivyo wakifa, wala yeye hatashauri jambo hilo. Wa pili amuunga mkono, lakini kwa sababu nyingine: mauaji makubwa namna hiyo yataleta maasi nchini. Neno la maasi ndilo linalompandisha Herode wazimu. Awatishia kitanzi, na hapo wote wawili waapa kwa panga zao kwamba watatii. Katika mistari michache hiyo mtungaji ameonyesha safari nzima ya mtu mwenye dhamiri kufikia kuwa muuaji, wala hakuhitaji kumfanya askari kuwa shetani. Alimfanya mtu aogopaye kunyongwa.

Sasa twafika kwenye wimbo. Malaika amwonya Yosefu akimbilie Misri. Yosefu na Mariamu wafunga safari. Na hapa maelezo ya mchezo yasema jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kiini cha kazi yote: wanawake waingia na watoto wao wakiwaimbia, na Mariamu na Yosefu waondoka kabisa. Mambo haya mawili yameandikwa katika sentensi moja, hivyo ni dhahiri kwamba yalitendeka pamoja. Mama mmoja atoka na mtoto wake mikononi, na mama watatu waingia na watoto wao mikononi. Pengine walipishana hatua chache. Mtungaji angaliweza kuimaliza safari ya Misri kwanza, watazamaji wakashusha pumzi kwa kuwa Mtoto amesalimika, kisha akaendelea na mengine. Hakufanya hivyo. Aliyeokoka na wasiookoka wapita mbele ya macho yetu kwa dakika moja. Watu wa mkoa wa Kigoma, waliowaona wakimbizi wa Burundi na wa Kongo wakishuka ukingoni mwa ziwa katika miaka ya 1990, wajua vema kwamba kila jamaa iliyofika ilikuwa na jirani ambaye hakufika. Hata hivyo hakuna neno linalosemwa kati ya mama hao. Mariamu hawaonyi. Malaika hakuagizwa kwao. Mtungaji alaacha jambo hilo kama lilivyo, bila kulieleza.

Wimbo wenyewe ni mfupi: beti tatu na kiitikio cha kubembeleza. Katika ubeti wa kwanza mama awauliza dada zake wafanye nini ili kumhifadhi mtoto huyu maskini. Katika wa pili ataja ghadhabu ya Herode na amri yake. Katika wa tatu amlilia mtoto, ambaye kuondoka kwake hakuwezi kusemwa wala kuimbwa. Hayo ndiyo yote. Tazama kwamba wimbo waanza na swali na swali hilo halijibiwi. Hapana sala ndani yake, hapana ahadi, hapana kutajwa kwa mbingu. Tazama tena kwamba unamalizika kwa kukiri ya kuwa kuimba kwenyewe hakufai kitu, na papo hapo kiitikio charudi, kwa maana mtoto bado hajalala na mama bado ana kazi ya kumlaza.

Sisi ambao tumelelewa kwa nyimbo za kubembelezwa twajua kwamba nyimbo hizo zina wasikilizaji wawili. Mtoto husikia sauti, nayo yamtosha; maneno ni ya mama mwenyewe na ya yeyote aliye karibu. Ndiyo sababu mama wa Kiswahili aweza kuingiza ndani ya wimbo wa mtoto shida zake na mumewe, njaa ya nyumbani, na maneno ya majirani, na mtoto akalala usingizi mzuri. Mtungaji wa Coventry ametumia sifa hiyo ya wimbo wa mtoto hata ukomo wake. Sauti yasema lala, maneno yasema utakufa. Na kuna jambo jingine la vitendo ambalo msomaji wa kitabu aweza kulisahau: mama hawa wamwimbia mtoto ili anyamaze, kwa sababu mtoto akilia askari watasikia.

Katika kanisa, kwaya inapouimba wimbo huu peke yake, mambo haya yote hupotea. Hubaki utulivu. Tuni yake ni ya huzuni tangu mwanzo, lakini mwishoni sauti tatu hutua juu ya mlio mmoja wa furaha, na nimesikia watu wakifasiri mlio huo kuwa ni nuru ya ufufuo ikichomoza gizani. Fikira hiyo ni nzuri, ila yatupasa kuwa na hadhari. Kumaliza tuni ya huzuni kwa mlio wa furaha kulikuwa kawaida ya watunzi wa muziki wa karne ile. Walifanya hivyo katika nyimbo za kila namna. Tumaini tunalolitafuta halina budi kusimama juu ya kitu chenye nguvu kuliko desturi ya wanamuziki.

Basi tuendelee na mchezo, kwa kuwa kwaya huacha palepale ambapo mchezo wafika kilele chake. Askari waingia. Mama wa kwanza awasihi kwa heshima ya ushujaa wao wamhurumie mtoto wake. Wa pili asema ya kuwa atakayemuua mwanawe mbele yake, awe ni bwana mkubwa au mdogo, akimfikia kwa kipigo chake amekwisha. Wa tatu ana upawa wa jikoni, na kwa upawa huo atapigana na askari hata akiwa amekaa juu kiasi gani katika tandiko la farasi, na ubongo wake utavurugika. Wachunguzi wengine wamesema mistari hii yaharibu huzuni ya wimbo, kwa kuwa upawa huchekesha. Kwangu mimi upawa huu ni jambo la kweli kupita yote katika mchezo. Mama huyo alikuwa akipika. Amekuja na kilichokuwa mkononi mwake, kama mchungaji alivyotoa glavu zilizokuwa mikononi mwake. Mmoja alikuwa na kitu cha kumpa Mtoto wa Mungu, mwingine alikuwa na kitu cha kumpigania mtoto wake, na vyote viwili ni vitu vya watu maskini. Iwapo watazamaji walicheka, walicheka kwa sekunde chache tu.

Baada ya mauaji askari wa kwanza asema kwamba hajapata kusikia kilio kama kile cha wanawake, naye aogopa kwamba kisasi kitakuja. Mwenzake amnyamazisha: habari hizo tusizizungumze, twende kwa mfalme, yeye ndiye atakayebeba lawama kwa kuwa ndiye aliyetutuma. Maiti zapakiwa katika magari kwenda kuonyeshwa kwa Herode. Kisha mjumbe aleta habari kwamba kazi yote imekuwa bure. Mtoto amekwisha kukimbilia Misri. Herode aagiza farasi wake atandikwe, aondoka kumfuata. Mchezo waishia hapo, juu ya farasi wa Herode.

Mwisho huu ni wa ajabu, na ajabu yake yaonekana tukiulinganisha na michezo mingine ya habari hii. Katika mchezo wa Kilatini wa karne ya 12 uliohifadhiwa katika abasia ya Fleury, nchini Ufaransa, malaika awaita watoto waliouawa, nao wainuka na kuingia kwaya wakiimba. Katika mchezo wa Chester mwana wa Herode mwenyewe yumo kati ya waliouawa, na pepo amchukua Herode. Katika mkusanyo uitwao N-Town, Herode yumo karamuni akisherehekea, Mauti yamjia, na Ibilisi aichukua roho yake. Katika hiyo yote mtazamaji arudi nyumbani amepata malipo: watoto wamefufuka, au mwovu ameadhibiwa. Coventry haikumpa mtazamaji lolote kati ya haya. Hata lile neno la faraja ambalo Kanisa lilikuwa limekwisha kulifundisha kwa karne nyingi, kwamba watoto wale ni mashahidi wa kwanza wa Kristo, na ambalo Wakatoliki hulikumbuka kila tarehe 28 Desemba katika sikukuu ya Watoto Mashahidi, halikutiwa kinywani mwa mama hata mmoja. Mtungaji alilijua, hapana shaka. Fundi yeyote wa Coventry alilijua. Lakini yaelekea aliona kwamba mama ambaye mtoto wake amekufa sasa hivi mikononi mwake hawezi kuambiwa neno hilo.

Katika hili mchezo wa washonaji u karibu na Injili kuliko michezo yenye elimu zaidi. Mathayo, anaposimulia mauaji haya katika sura ya pili, amleta Raheli wa kitabu cha Yeremia, mama anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Ukifungua Yeremia sura ya 31 utaona kwamba mara baada ya kilio hicho Bwana amwambia Raheli azuie sauti yake na machozi yake, kwa maana watoto watarudi. Mathayo aliyajua maandiko, na wasomaji wake waliyajua. Akayaleta machozi, akayaacha maneno ya faraja mahali pake katika kitabu cha kale, bila kuyanakili. Sidhani kwamba alikana faraja hiyo. Injili yake nzima ni habari ya jinsi itakavyokuja. Lakini hakukubali ifike kabla ya wakati wake, na Raheli akaachwa na haki yake ya kukataa.

Mtu aweza kunijibu kwamba tumaini lilikuja na gari jingine, kwa kuwa mchezo wa wafumaji waonyesha Mtoto akiletwa Hekaluni na mzee Simeoni akimpokea, na baadaye Mtoto huyo akiwa na miaka 12 akizungumza na waalimu wa sheria. Jibu hilo ni zuri, nalo lina ukweli. Mtu aliyemwona Herode akiondoka kwa farasi alimwona tena Mtoto akiwa hai, na mkubwa, na mwenye akili. Hata hivyo mtazamaji mwenye kumbukumbu angaliweza kuhesabu: vijana wa Bethlehemu ambao wangalikuwa wa rika lake hawakuwapo. Tumaini la mchezo huu, kama ninavyolielewa, limefungwa katika maisha ya Mtoto mmoja aliyeokolewa kwa usiku mmoja tu. Aliyekwepa panga za Herode hakukwepa msalaba, na watu wa Coventry walikuwa na michezo ya mateso yake pia, ingawa hiyo imepotea. Alikimbia ili aweze kurudi na kufa kifo cha namna ileile waliyokufa watoto wale, kwa amri ya mtawala mwoga na kwa mikono ya askari watiifu. Kama kuna faraja kwa mama mwenye upawa, ndiyo hiyo, nayo hawezi kupewa kwa maneno siku ile. Yuko njiani kwenda Misri, na Herode yu nyuma yake.

Tumaini la namna hii lilijaribiwa katika mji huohuo miaka mia nne baadaye. Usiku wa tarehe 14 Novemba mwaka 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga Coventry kwa mabomu kwa muda wa saa nyingi. Watu zaidi ya 500 waliuawa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli liliteketea, zikabaki kuta za nje na mnara. Siku ya Krismasi, wiki sita baadaye, idhaa ya BBC ilitangaza kutoka katika magofu hayo. Mkuu wa kanisa, Richard Howard, alisema kwamba wao, Kristo akiwa amezaliwa tena mioyoni mwao, wanajitahidi, ijapokuwa ni vigumu, kuondoa mawazo yote ya kisasi, na kwamba vita vikiisha watajaribu kujenga ulimwengu wenye upole zaidi na unaomfanana zaidi yule Mtoto. Kisha kwaya ikaimba wimbo wa akina mama wa Bethlehemu.

Naona kwamba siku ile, baada ya karne kadhaa, wimbo ulipata mchezo wake tena. Haikuhitajika gari wala Herode wa kupiga kelele. Magofu yalikuwapo, mama waliokuwa wamezika watoto walikuwapo mjini, na wasikilizaji waliokuwa wakikaa na redio zao hawakuweza kudhani kwamba yule anayeimba ni Mariamu peke yake. Maneno ya Howard yalikuwa na hatari yake, kwa sababu ni rahisi kuhani kuwasamehe watu kwa niaba ya waliofiwa. Lakini wimbo ulisimama karibu na hotuba na kuizuia isiwe nyepesi. Hotuba ilisema hatutalipiza. Wimbo ulisema hatuwezi kusema wala kuimba. Yote mawili yalitoka mahali pamoja, na hakuna lililolifuta jingine. Tukumbuke pia kwamba mwezi Februari mwaka 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliuchoma mji wa Dresden, na huko nako walikuwako mama. Ahadi ya Howard haikuwa imezuia jambo hilo. Lakini mwaka 1959 miji hiyo miwili ilifunga udugu, na kanisa kuu jipya la Coventry, lililowekwa wakfu tarehe 25 Mei mwaka 1962, lilijengwa ubavuni mwa magofu ya kale, nayo yakaachwa wazi kwa mvua.

Mwaka 1948 Howard aliagiza maombi ya msamaha yachongwe katika ukuta ulio nyuma ya madhabahu ya magofu. Maneno ni mawili tu kwa Kiingereza, na msingi wake ni sala ya Yesu msalabani, lakini wenye kusamehewa hawakutajwa. Kwa Kiingereza kuwaacha ni jambo la kuondoa neno moja la mwisho. Kwa Kiswahili ni vigumu zaidi, kwa kuwa kitendo chetu hupenda kubeba ndani yake mtu anayetendewa: twasema uwasamehe, au utusamehe, au umsamehe, na sikio hutafuta silabi ile. Ukiiondoa, maneno hubaki na pengo, na msomaji hujiuliza ni nani aliyeachwa: ni wao, au ni sisi? Pengo hilo ndilo alilolitaka Howard.

Shida ya namna hiyo, lakini iliyo kinyume chake, yamngoja mtu atakayetaka kuufasiri wimbo wetu kwa Kiswahili, kazi ambayo ningependa mmoja wa wanafunzi wetu aishike. Huko lugha yetu itamsaidia. Wimbo wataja mtoto bila kuonyesha wazi kama ni mtoto wa mwimbaji au ni Yule aliyeondoka sasa hivi, na neno mtoto huyu lachukua maana zote mbili bila kulazimishwa. Mfasiri asiandike mwanangu, maana hapo atakuwa amemfungia nje yule wa Misri. Wala asiandike Mtoto kwa herufi kubwa, maana hapo wale watatu watatoweka kama wanavyotoweka makanisani. Kiitikio chake achague miongoni mwa maneno ambayo mama zetu hutumia kweli, wala asitunge jipya. Na kabla ya ubeti wa kwanza aandike yale maelezo ya mchezo, kwamba wanawake waingia na watoto wao, na Mariamu na Yosefu waondoka.